SOMO: Kufufua gari la zamani la kukunja paa nyumbani (anza na milango, injini itasubiri)

Wadau, baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza nilivyoifufua MGB yangu ya 1969, gari dogo la Kiingereza la paa la kukunja, nikaona niandike mara moja kuliko kumrudia kila mtu. Sina cheti cha ufundi. Ninachokijua nimekijua kwa kuharibu kwanza, na kosa langu kubwa kuliko yote liko kwenye hatua ya tatu. Mwenye haraka aanzie huko.

Gari lenye paa la bati ni kama sanduku lenye kifuniko. Ondoa kifuniko, na kinacholishika lisijikunje ni sakafu, handaki la propela shafti (lile tuta la katikati ya sakafu) na vizingiti vya milango, yaani lile boksi refu la bati linalopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa nje unaona bati moja tu, lakini kwenye MGB kuna la nje, la kati na la ndani, yote yamechomelewa pamoja. Humo ndimo maji yanamojificha, na ndimo kutu inamoanzia. Fiat 124 Spider na Alfa Romeo Spider nazo hazina chesisi ya kujitegemea (fremu ya chuma chini ya bodi), kwa hiyo ugonjwa ni ule ule.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulegeza hata bolti moja

Liache gari lisimame kwa matairi yake mahali palipo sawa. Pima nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi, juu na chini, pande zote mbili, uandike. Juu pakiwa pamebana na chini pamepanuka, bodi imeanza kulegea katikati kama mgongo wa punda mzee. Kabla hujalia, fungua mlango, ushike ncha yake uunyanyue. Ukicheza, huenda ni bawaba tu zimekwisha.

Kisha weka jeki chini ya sasipensheni ya mbele, inua mpaka tairi liachane na sakafu, ujaribu kufungua mlango wa upande huo. Ukigoma, au ukifunguka kisha ukakataa kurudi, vizingiti vimeshakufa hata kama rangi yake inang'aa.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze, uipitishe chini ya milango na kwenye pinde za magurudumu. Inapoacha kushika, hapo kuna puti (ule uji unaoganda wa kuziba mashimo), si bati. Ng'oa zulia lote uangalie sakafu. Kwenye MGB za miaka ya gari langu betri mbili za volti 6 hukaa nyuma ya viti, kwenye visanduku vilivyoning'inia chini ya sakafu. Tindikali na maji ya barabarani vimevila vingi. Changu kimoja nilikitoboa kwa kidole.

Hatua ya 2: Kufungua

Piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Kila nati irudishe kwenye bolti yake, kila kikundi kwenye mfuko wake, na juu ya mfuko andika kilikotoka NA kilielekea upande gani. Mimi niliandika "braketi, kushoto" kwenye mifuko minne tofauti. Miezi minane baadaye nilikuwa nimekaa sakafuni nikiitazama kama mitihani.

Magari ya Uingereza ya miaka ile yana nati za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita utazila pembe zote. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Nyaya zifunge vibandiko kabla ya kuzichomoa.

Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kilicholowa, uvae barakoa inayofaa. Na paa la zamani, hata likiwa matambara, usilitupe. Utalihitaji mwishoni kama kipimo.

Hatua ya 3: Vizingiti, na kosa langu

Niliinua gari, nikaweka stendi mbili mbele na mbili nyuma, nikakata kizingiti cha kushoto chote kwa grinda. Nilijiona fundi. Jioni nikajaribu kuurudisha mlango kwenye bawaba zake ili nipime bati jipya, ukakataa kuingia. Nafasi ya juu iliyokuwa milimita 5 ilikuwa imeisha kabisa, bati limegusa bati. Gari lilikuwa limeinama katikati kwa uzito wake lenyewe, kimya kimya, bila hata kutoa mlio. Laiti ningechomelea kizingiti kipya hivyo hivyo, ningekuwa na gari lisilo na milango maisha yake yote.

Utaratibu unaofaa ni huu. Milango ikiwa bado imekaa sawa, pima tena na uandike vipimo. Toa mlango, kisha funga mhimili wa bomba la pembe nne, la milimita 25 hivi, kutoka kwenye nguzo ya bawaba hadi kwenye nguzo ya kitasa. Weka mmoja juu na mwingine wa mshazari. Ukiweza, ule wa juu uwe na skrubu ya kurefusha na kufupisha katikati. Skrubu hiyo ndiyo iliyoniokoa: niliirefusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja, napima, narefusha tena, mpaka milimita 5 zikarudi. Unganisha pia upande wa kushoto na wa kulia kwa bomba moja la kukatiza, bodi isije ikajisokota.

Weka stendi mahali uzito wa gari unapokaa kawaida, karibu na sasipensheni. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Na usichomelee moja kwa moja: shika kwa vidoti vichache vya kuchomelea, rudisha mlango, ufunge, uangalie nafasi. Umekubali? Toa, ongeza vidoti. Mlango wangu wa kushoto niliutoa na kuurudisha mara kumi na moja. Ukiona ni upuuzi, kumbuka vidoti unaweza kuvikata kwa dakika tano, mshono mzima utakula siku yako.

Ukianza mshono wenyewe, choma sentimita mbili, hamia mbali, rudi baadaye. Bati jembamba likipata joto mahali pamoja linapinda. Safisha mabati mpaka yawe meupe, pitisha praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea sehemu zitakazofichana, na usizibe vitundu vya kutolea maji.

Usalama, na hapa sina utani: chomoa betri na alteneta, toa tangi la petroli nje kabisa ya banda, weka ndoo ya maji na kizima moto karibu. Usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini kisha ukachoma. Joto likiigusa inaweza kutoa gesi ya fosjini, na hiyo inaua. Bati lenye zinki lichomee penye hewa ya kutosha.

Hatua ya 4: Injini, breki, umeme

Wengi huanza na injini kwa sababu injini inatoa sauti na majirani wanasikia. Nawaelewa. Lakini injini ya MGB, ya ujazo wa cc 1798, ni ngumu na vipuri vyake bado vinatengenezwa. Bodi ikipinda hakuna kipuri. Pima mgandamizo wa kila silinda. Ninachoangalia ni tofauti kati yao: zikikaribiana ndani ya asilimia 10 funga, safisha karabureta, badilisha plagi, pointi na kondensa, uendelee. Hosi zote za petroli badilisha, maana petroli yenye ethanoli hula mipira ya zamani.

Breki usibane matumizi. Masta silinda, hosi, mabomba na mipira yote, mpya. Mafuta ya breki yanabandua rangi kama maji ya moto yanavyobandua manyoya ya kuku, kwa hiyo jaza breki kabla ya rangi ya mwisho, au funika kila kitu.

Hatua ya 5: Rangi

Praima ya epoksi, puti nyembamba palipo na vibonde, msasa namba 80, 180, 320, kisha 400 au 600 kwa maji. Siri ni moja: juu ya praima nyunyizia vumbi jembamba la rangi nyeusi, ndipo upige msasa ukitumia kipande cha ubao, usitumie mkono mtupu. Panapobaki peusi ni bonde. Jicho litakudanganya, vidole vitakudanganya, weusi hausemi uongo.

Rangi ya mwisho niliipeleka kwa mpakaji mwenye chumba maalumu. Rangi za kuchanganya na kigumishi zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kawaida haizuii ipasavyo. Zinataka kofia inayoletewa hewa safi kwa hosi. Rangi ikishakauka, nyunyizia nta ndani ya vizingiti kupitia vile vitundu. Usitangulize, itaharibu rangi.

Hatua ya 6: Paa

Chagua siku ya joto. Turubai la vinili likiwa baridi linakuwa fupi na kaidi. Milango iwe imerekebishwa tayari na vioo vimepandishwa, kwa sababu paa linapimwa kwa vioo. Funga fremu, funga sehemu ya nyuma kwenye bodi, kisha vuta mbele mpaka kwenye ubao wa juu ya kioo kikubwa. Chora mstari kwa chaki hapo ubao unapogusa fremu ya kioo. Fungua lachi, vuta turubai lipite mstari kama sentimita moja, gandisha, funga tena. Likibana mno legeza kidogo, likipwaya, rudia. Gundi ya mguso haikupi nafasi ya pili, kwa hiyo jaribu kwanza kwa vibanio.

MASWALI YA WANACHAMA

KutuSugu: Mkuu, heshima kwako. Mimi nina Triumph Spitfire, ina chesisi yake chini. Bado nahitaji hiyo mihimili ya milango?

Jibu: Unahitaji, ndugu yangu. Chesisi ya Spitfire ni uti wa mgongo tu katikati, haina mbavu za pembeni, kwa hiyo vizingiti navyo vinabeba. Na usithubutu kunyanyua bodi kutoka kwenye chesisi bila mihimili, itajikunja mikononi mwenu kama mkeka.

Binti Spana: Injini yangu imekaa miaka 12, haizunguki. Kaka mmoja kanishauri nilivute gari kwa gari jingine likiwa kwenye gia.

Jibu: Dada, usimsikilize. Ringi zikiwa zimeshikana na silinda utazivunja. Toa plagi zote, mimina mafuta ya kulegeza kutu kila silinda, acha wiki moja, ongeza, acha tena. Kisha jaribu kuzungusha kwa spana ndefu kwenye nati ya krenkshafti, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikisogea hata upana wa kucha umeshinda, endelea taratibu. Ikizunguka, funika matundu ya plagi kwa kitambaa kabla ya kupiga stata, la sivyo hayo mafuta yatakurukia usoni. Yamenirukia.

Mzee wa Karabureta: Nimefunga betri mpya kwenye MGB ya 1964, hasi kwenye bodi kama magari yote. Redio ya zamani imeungua.

Jibu: Pole mzee wangu. MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967 chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Rudisha betri kama ilivyokuwa, kisha irudishie dainamo mwelekeo wake wa umeme (mafundi huita kufanya polaraiti) kabla ya kuwasha. Taa na stata hazijali. Redio ndiyo hulipa.

Mgeni hapa: Fundi wangu anasema tusihangaike kukata, tujaze povu la kupuliza ndani ya vizingiti, litakuwa gumu na kushika.

Jibu: Povu litashika maji, si gari. Na siku utakapokuja kuchomelea kwa kweli, litawaka ndani mahali usipoweza kulizima, na moshi wake ni sumu. Mwambie kwa heshima hapana.

Bahari Nyeusi: Sijui kuchomelea kabisa. Nijifunzie kwenye vizingiti?

Jibu: Usijifunzie hapo. Fanya mwenyewe ukaguzi, mihimili, kukata kutu na kusafisha, halafu mwite mchomeleaji kwa siku mbili. Ila usimwachie kazi ukaondoka. Wewe ndiye mwenye vile vipimo, na wewe ndiye wa kurudisha mlango kila baada ya vidoti vichache. Atanuna. Mpe chai.

Binti Spana: Ahsante kaka. Paa je, likivuja kwenye kona ya juu ya kioo?

Jibu: Paka chaki kwenye mpira, funga paa na kioo, fungua. Pasipo na chaki upande wa pili, mpira haugusi. Mara nyingi ni kioo cha mlango kimeinama nje, si turubai. Na usikunje paa likiwa limelowa, litapata ukungu kabla ya wiki kuisha.

KutuSugu: Swali la mwisho mkuu. Ule mlango wa kushoto uliokataa, siku hizi unafunga?

Jibu: Unafunga kwa kidole kimoja. Lakini ukichukua kipimo, juu ni milimita 4 na chini ni 5 na nusu. Watu wakija kuliona gari huwa nalisimamisha upande huo ukielekea ukutani.