Umecheza ligi za chini, sasa unataka ukocha: fanya hivi

Ukicheza mpira wa ligi za chini hapa Malindi miaka kumi hivi, magoti yatakupa habari kabla kocha hajakupa. Chini ya Ligi Kuu kuna National Super League, kisha Division One, kisha Division Two na ligi za kaunti. Wengi wetu tumemalizia huko huko, jezi tunajifulia wenyewe. Usione ni mkosi. Jim Leyland, Mmarekani, alikuwa mdakaji wa besiboli kwenye timu za chini za Detroit Tigers kuanzia 1964 hadi 1970. Ligi kuu hakuwahi kuichezea hata siku moja, na akishika gongo hakumtisha mtu. Mwaka 1971, ana miaka 26, akakabidhiwa timu ndogo aifundishe. Mwaka 1997 alichukua World Series, ubingwa wa besiboli wa Marekani, akiwa kocha wa Florida Marlins. Mdakaji huchuchumaa akiwatazama wenzake wote mbele yake, sawa na kipa. Mimi nilikuwa kipa, kwa hivyo kisa hiki nakisimulia kwa upendeleo, siwafichi.

La kwanza: usingoje uangike daluga ndipo uanze. Mwombe kocha wako akuachie dakika ishirini za kupasha misuli, au akupe makipa uwanoe pembeni wakati yeye yuko na wengine. Makocha wa makipa ni adimu huku kwetu, na ukijulikana kwa jambo moja unaitwa na timu mbili tatu kabla hata hujastaafu.

La pili, chukua watoto wa mtaa wako. Barani, Shella, Maweni, popote ulipo hawakosi. Lakini panga saa zako vizuri. Mtoto anatoka shule, anaingia chuoni kusoma Kurani, na nyumbani ana kazi za mama. Kinachobaki ni baina ya alasiri na magharibi: anza saa kumi na nusu, saa kumi na mbili kasoro kila mtu ashike njia. Ukimshikilia mtoto mpaka adhana ya magharibi, kesho haji, na mamake ana haki. Nenda nyumbani kwao ujitambulishe, upate ruhusa. Usikae na mtoto faraghani hata kwa wema. Ramadhani, punguza mbio au hamia baada ya tarawehe kama kuna taa. Kaskazi inapovuma na jua limekaza, kila baada ya robo saa wapumzike wanywe maji, asiyefunga.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa vya hoteli. Tuseme una watoto ishirini na mmoja na mipira mitatu. Chora masanduku matatu mchangani, kila moja hatua kumi kwa kumi. Kona ziwekee chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, maana tupu zinapeperushwa na kusi. Kila sanduku watano wapigiane pasi, wawili katikati wautafute mpira. Anayepoteza anaingia kati. Tafuta sehemu ngumu ya uwanja, kwa sababu kwenye mchanga mlaini pasi hufia njiani na mtoto anadhani kosa ni lake. Wa miaka minane hadi kumi na miwili wape mpira namba 4. Namba 5 una gramu 410 hadi 450, unawachosha bure.

Halafu hapa ndipo kocha anapotengana na mpiga kelele. Mpira ukipotea, piga filimbi, wote wagande walipo. Msogelee aliyepoteza. "Kabla haujakufikia, nyuma yako alikuwa nani?" Nyamaza. Usimjibie. Akigeuka kutazama, ameshajifunza, endelea. Ukikaa kando unapayuka "Piga! Piga! Toa!", unacheza wewe, na wao watakuwa miguu yako tu.

Kazi nzito kuliko zote ni siku utakapokabidhiwa wenzako uliocheza nao. Mtu mmekula mahamri na mbaazi pamoja miaka yote, leo unamtoa kikosini. Mwambie wewe mwenyewe, kando, kabla majina hayajasomwa, na umpe sababu ya mpira: "Kaka, Jumapili utaanzia benchi. Winga wao ana kasi, nataka mtu wa kumchosha kwanza, kipindi cha pili nakutia wewe." Atanuna. Mwache anune, ila asisikie kwa mtu mwingine. Na kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji, toka taratibu. Kocha aliyemo humo hujua mambo asiyotakiwa kuyajua.

Karatasi: leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, huanza na D, kisha C, B, A, na juu kabisa Pro. Hapa Kenya kozi hupitia kwa FKF, shirikisho la soka la nchi, kwa hivyo ulizia tawi lako mapema na uwe na akiba, kwani kuna ada, nauli na malazi. Chukua pia mafunzo ya huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu huyatoa. Mchezaji akigongwa kichwa, mtoe na asirudi siku hiyo, hata mashabiki wakutukane.

Pesa nitaigusa kidogo tu kwa sababu ni kidogo. Mimi asubuhi ni fundi wa friji, jioni ndiyo kocha. Usiache kazi yako. Nauli na maji mkubaliane na viongozi kwa maandishi, si kwa "tutaonana".

Wikiendi ambayo huchezi, nenda uwanja wa Alaskan hapa Malindi na daftari. Usikae upande wa mashabiki, simama nyuma ya goli, ndiko mapengo ya mabeki yanakoonekana. Kipindi cha kwanza mfuate kiungo mmoja tu, hata mpira ukiwa mbali naye, uandike anasimama wapi timu yake ikipoteza mpira. Mapumziko yakifika, andika ungembadilisha nani, halafu ukamuulize kocha wake baada ya mechi kwa nini yeye hakumtoa.