Somo: Namna ya kulizoesha sikio nyimbo za A. R. Rahman

Wadau, salaam. Kila nikimpa mtu wimbo wa A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu kutoka India, jibu la kwanza huwa lilelile: "Mbona hauniingii?" Somo hili ni kwa ajili ya waliokulia kwenye nyimbo za waimbaji wa zamani wa filamu, Lata, Rafi na Mukesh, na wanaoamini muziki wa filamu za Kihindi uliishia pale. Mimi naamini nyimbo hizi zinapendeka, ila haziji kwa mkupuo mmoja.

Nyimbo za zamani zina mpangilio ambao sisi watu wa pwani tunaujua hata bila kujua Kihindi. Kuna mukhda, sehemu inayorudiwa, kisha fidla zinapita, kisha antara, ambayo ni ubeti, halafu unarudishwa palepale ulipoanzia. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab wa Mombasa, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi hayohayo na watu wakayapokea kama ya kwao. Ndiyo maana wimbo wa zamani ukiusikia asubuhi, jioni unaupiga mluzi.

Rahman aliingia mwaka 1992 na filamu ya Roja. Kabla ya hapo alikuwa akipiga kinanda kwa watunzi wengine na kutunga muziki wa matangazo ya biashara. Katika studio ya nyumbani kwake Chennai alizoea kupanga sauti tabaka juu ya tabaka: ngoma moja imewekwa chini kabisa, sauti ya pili inapita kwa sekunde chache na kupotea, na pengine mukhda hairudi pale unapoingoja. Ukisikiliza mara moja unapata tabaka la juu tu.

Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja. Usichukue albamu nzima. Mimi napendekeza "Rehna Tu" wa filamu ya Delhi-6 (2009), mashairi ya Prasoon Joshi. Anaimba Rahman mwenyewe, pamoja na Benny Dayal na Tanvi Shah.

Hatua ya 2: Weka hedifoni, funika kioo cha simu. Spika ndogo ya simu haitoi besi, na nusu ya kazi ya Rahman iko kwenye besi. Video nayo iache kwanza. Ukiona sura ya mwigizaji, macho yatamaliza kazi kabla ya masikio kuianza.

Hatua ya 3: Kila mara sikiliza kitu kimoja. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaurudia wimbo huku wanaosha vyombo, wakimaliza wanasema wameusikiliza sana.

Mara ya kwanza uache upite, usiutolee hukumu. Mara ya pili fuata sauti ya mwimbaji peke yake. Utagundua Rahman anaimba kwa sauti ya chini, karibu na maongezi, hana haraka ya kukufikisha kwenye kiitikio. Mara ya tatu isahau sauti, shika besi na mapigo, ujue yanaingia wapi na yanaachia wapi.

Mara ya nne subiri mwisho. Waimbaji wananyamaza, na chombo kimoja kinabaki kikiongea. Kinaitwa Continuum, kimebuniwa na Mmarekani Lippold Haken. Kina ubao laini usio na vitufe vilivyotengana, kwa hiyo kidole kinateleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, vile mwimbaji wa Kihindi anavyoteleza kwa koo lake. Mtu aliyezoea fidla hudhani hapo wimbo umekwisha, akaruka. Usiruke! Kwangu mimi hapo ndipo penye roho ya wimbo: maneno yamekwisha, lakini uimbaji unaendelea.

Hatua ya 4: Pumzika siku mbili tatu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno lisilo na maana. Lakini ukizidisha bila kupumzika, kinakuja kinyaa.

Hatua ya 5: Sasa tafuta maana, kisha tazama filamu. Wimbo unamwambia mpenzi abaki vilevile alivyo, na maumivu yake kidogo na utulivu wake kidogo. Filamu inamhusu kijana aliyekulia Marekani anayempeleka bibi yake Delhi ya zamani, mtaa wenye msimbo wa posta 110006, ndiko lilikotoka jina. Ukishaiona, rudi kwenye wimbo bila picha.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimefuata hatua zote na bado hauniingii. Niache?*

Badilisha wimbo kwanza. Jaribu "Jiya Jale" wa Dil Se (1998). Sauti unaijua, ni Lata, wakati huo akikaribia miaka 70. Kigeni ni waitikiaji wakiongozwa na M. G. Sreekumar: Lata anaimba Kihindi, wao wanajibu Kimalayalam, lugha ya Kerala. Shika mkono wa Lata, wenyewe watakuja.

*Shikamoo mwalimu. Baba yangu anasema Rahman kaharibu muziki wa Kihindi. Nimwanzishie wapi?*

Marahaba mwanangu. Usibishane na mzee. Mwekee "Kun Faya Kun" wa Rockstar (2011), uliopigwa picha kwenye dargah, yaani ziara ya kaburi, ya walii Nizamuddin Auliya, Delhi. Ni kawali, uimbaji wa dini wa Kisufi, kuna harmonia, na maneno ya kiitikio ni ya Qurani, anayajua tangu madrasa. Gitaa lililomo ataligundua mwenyewe baadaye. Mwekee usiku, nyumba ikiwa imetulia, na usimsemeshe.

*Huku si kujilazimisha? Wimbo mzuri si unapendeza wenyewe?*

Baadhi, ndiyo. Lakini hata nyimbo za Rafi ulizisikia redioni utoto wako wote kabla hujajua kama unazipenda. Kurudia kulifanyika, ila hukukupanga wewe. Na si kila wimbo wa Rahman unastahili jasho hili. Ukifika hatua ya tano na moyo umekataa, uweke kando kwa amani, nenda kwa mwingine.

*Wimbo niliotumiwa WhatsApp unatosha?*

Mara nyingi hautoshi. Faili lililobanwa sana hukata sauti za juu na kuchanganya tabaka za chini, ambazo ndizo tunazozitafuta. Sikiliza matoazi: yakifoka kama maji ya bomba badala ya kulia, tafuta nakala nyingine kabla ya kuanza hatua ya 3.