Namna ya kupanda Formula Rossa bila kuumiza shingo

Formula Rossa ni rola kosta, yaani treni ya burudani inayokimbia kwenye reli ya milima na mabonde. Ilifunguliwa Novemba 2010 katika bustani ya burudani ya Ferrari World, Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, na kwa takriban miaka 15 hakuna rola kosta duniani iliyoifikia kwa kasi: kilomita 240 kwa saa. Sasa taji limehamia Saudia, kwa Falcons Flight ya Qiddiya karibu na Riyadh, inayofika kilomita 250 kwenye reli ya zaidi ya kilomita 4 inayoteremka kwenye majabali ya Tuwaiq. Mwenye hamu ya kwenda kuipanda hiyo mpya tunamshauri aanze na Formula Rossa. Reli yake ni ya kilomita 2 na ushei tu, kilima chake kirefu ni mita 52, na hakuna mahali inapokupindua kichwa chini miguu juu. Kinachomtesa mtu hapa ni kasi na upepo, na vyote viwili vina dawa yake.

Nenda asubuhi, mara milango inapofunguliwa, tena nenda moja kwa moja hapo kabla hujatazama kitu kingine. Bustani yenyewe iko chini ya paa na ina viyoyozi, lakini reli hii inatoka nje. Upepo mkali, vumbi la jangwani, mvua au radi vikizuka, treni husimamishwa, na anayeiweka kwa ajili ya jioni hurudi nyumbani na tiketi yake bila kupanda. Mtoto asiyefika sentimita 140 haruhusiwi kupanda, basi mpime nyumbani kabla hamjafunga safari. Mjamzito, mwenye tatizo la moyo, mgongo au shingo, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, asipande.

Kula kidogo, saa mbili kabla. Tumbo tupu kabisa husumbua kama lililoshiba, na anayepanda na njaa ndiye mara nyingi huona kizunguzungu. Vaa suruali na viatu vya kufunga kamba. Kandambili ziache kabatini pamoja na simu, funguo, saa, hereni ndefu na miwani ya macho. Kanzu na buibui hupandishwa na upepo mpaka usoni, kwa hiyo badilisha. Mtandio ufunge kwa ndani ya nguo bila pini na bila ncha inayoning'inia. Mifuko ya suruali iwe mitupu: kitu kinene kikikaa pajani, chuma cha kukufunga hakishuki vizuri, na kwenye kilima mwili unanyanyuka kisha unagongwa pale pale.

Treni ina nafasi 16, watu wawili wawili. Siti za mbele hazina kitu cha kuukinga uso, hivyo upepo na wadudu wote ni wako. Za nyuma huvutwa kwa nguvu zaidi kila treni inapovuka kilele, kwa sababu wakati huo sehemu ya mbele imekwisha kuanza kuteremka. Kwa mara ya kwanza kaa katikati.

Utapewa miwani ya kinga. Usiichukulie kama pambo. Kasi ya kilomita 240 kwa saa ni karibu mita 67 kwa sekunde, na chembe ya mchanga ikikupata jichoni kwa kasi hiyo inajeruhi. Mkanda wake upite nyuma ya kichwa juu kidogo ya masikio, kisha vuta mpaka kingo zishike ngozi pande zote, hasa chini karibu na pua. Hapo chini ndipo wengi hukosea. Upenyo mdogo ukiingiza hewa, macho yanajaa machozi kabla ya kona ya kwanza na safari yote inapita huoni kitu.

Ukishakaa, sukuma makalio mpaka nyuma kabisa ya kiti, ndipo ufungwe. Aliyekaa kihasara akafungwa akiwa mbele ya kiti atateleza, na mgongo ndio utakaolipa.

Sasa yaliyo muhimu kuliko yote. Treni inasogea taratibu, inasimama. Chini yake kuna kigari kilichofungwa kwenye waya wa chuma, na waya huo unavutwa na winchi kubwa inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta, utaratibu unaofanana na ule wa kurusha ndege kutoka kwenye meli za kivita. Katika sekunde 4.9 utakuwa umetoka kwenye kusimama na kufika kilomita 240. Kwa hiyo pale treni inaposimama, kabla ya kuondoka, kisogo kiwe kimegusa kiegemeo, kidevu kiwe sawa, meno yafungwe, ulimi ndani, mikono ishike vishikio. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5. Kikiwa kimeachana na kiegemeo hata kwa vidole vitatu, kitarushwa nyuma na kugonga, na shingo itauma siku mbili. Wanaoumia zaidi ni wale waliogeuka kumtazama mwenzao. Ukitaka kucheka naye, subiri treni ipite kilima cha kwanza.

Baada ya kurushwa, upepo unakubana uso kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Pumua kwa pua, pumzi fupi fupi; mdomo ukiwa wazi hewa inaingia lakini kuitoa ni kazi. Kwenye kona na mabonde nguvu hufika G 4.8, yaani mtu wa kilo 70 anajisikia kama ana kilo 336. Damu huelekea miguuni, na ukiona ukingo wa macho unaingia kijivu, kaza mapaja na tumbo kama unayeinua gunia. Usifumbe macho. Mwili uliokwisha kuona kona hujikaza wenyewe, na kichefuchefu hupungua.

Mwishoni breki ni za sumaku. Hazigusani na chuma cha treni wala hazihitaji umeme, lakini hushika ghafla. Kaza shingo mapema.

Mitambo ya kurusha ya aina hii mara chache hukosa nguvu ya kutosha, na treni ikashindwa kuvuka kilele ikarudi nyuma. Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, ilijulikana sana kwa hilo hadi ilipofungwa 2024. Treni ikirudi hivyo, breki za sumaku huwa zimekwisha kuinuka zenyewe baada ya treni kupita, tayari kuipokea. Ikikutokea, rudisha kisogo kwenye kiegemeo na utulie. Treni ikisimama katikati ya reli, usijaribu kujifungua, subiri wahudumu.

Ukishuka, kaa dakika tano, unywe maji. Usirudi foleni papo hapo hata kama haina watu. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya saa moja, ukitapika, au macho yakiona ukungu, nenda huduma ya kwanza na usipande tena siku hiyo.