Somo: Wiki sita za mwanzo za mwanamichezo aliyevishwa kofia ya chuma kwenye nyonga

Wakuu, somo hili ni la mwanamichezo aliyetoka kupasuliwa nyonga, pamoja na yule anayemhudumia nyumbani. Karatasi ya maelekezo uliyopewa hospitali ikisema tofauti na tulichoandika hapa, fuata karatasi. Aliyekupasua ndiye aliyeuona mfupa wako.

Kilichofanyika mle ndani

Kwenye ubadilishaji wa nyonga uliozoeleka, kichwa cha mfupa wa paja hukatwa kikatolewa, na fimbo ya chuma ikashindiliwa ndani ya paja. Hapa kichwa hakikatwi. Huchongwa, kikavikwa kofia ya kobalti na kromu iliyogandishwa kwa saruji ya mifupa. Kwenye shimo la nyonga hugongomelewa bakuli la chuma hichohicho, bila saruji. Mgongo wake una chembechembe za kukwaruza ili mfupa uote na kuushika. Mfumo unaojulikana zaidi ulianza kutumika Birmingham, Uingereza, mwaka 1997, kazi ya madaktari McMinn na Treacy.

Kwa kuwa kichwa kinabaki kikubwa, karibu sawa na cha asili, nyonga haichomoki kirahisi. Shida iko chini kidogo ya kofia, kwenye shingo ya paja. Shingo hiyo ni mfupa wako uleule, na umetoka kuchongwa jirani, damu yake imepungua kwa muda, na sasa umebebeshwa chuma. Ikivunjika, mara nyingi huvunjika ndani ya miezi michache ya mwanzo, na dawa yake huwa ni kurudi mezani kuwekewa ile fimbo uliyokuwa unaikwepa.

Sasa angalia mtego ulivyo. Gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) lililosagika, lililokuwa linakuuma miaka yote, limeondolewa siku ya upasuaji. Wiki ya 3 unajisikia mzima, ilhali shingo ya paja ndiyo kwanza inajijenga na bakuli bado halijashikwa na mfupa. Mtu wa mazoezi amezoea kuusikiliza mwili, na safari hii mwili utamdanganya. Wiki hizi sita ni za kutembea vizuri. Pumzi na stamina zina muda wake.

Hatua ya 1: Nyumba iandaliwe kabla hujarudi

Wengi hupasuliwa kwa nyuma, upande wa tako. Kwao kuna makatazo matatu, kwa kawaida kwa wiki 6: usikunje nyonga kupita nyuzi 90, yaani kona ya mraba, usipishanishe miguu, usigeuze vidole vya mguu uliopasuliwa kuingia ndani. Waliopasuliwa kwa mbele wana makatazo mengine, hasa kupeleka mguu nyuma na kuugeuza nje. Uliza upande wako kabla hujaruhusiwa.

Ukikaa, goti lisiwe juu kuliko nyonga. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita 5 hadi 8, hicho ndicho kimo cha kiti chako, na kiwe na mikono. Makochi ya sebuleni yanayokumeza hadi kiunoni yasahau. Kuinuka: sogea ukingoni, nyoosha mguu uliopasuliwa mbele, sukuma kwa mikono, simama kwa mguu mzima. Kifua kisitangulie mbele ya magoti.

Choo cha kuchuchumaa hakitumiki kabisa wiki hizi. Wengine huchukua kiti cha plastiki wakakitoboa katikati na kukisimamisha juu ya tundu. Kimo kinaweza kutosha, ila miguu ya plastiki kwenye sakafu ya saruji yenye maji huteleza, na kiti kilichotobolewa hupasuka pembeni mwa tundu pale unapoegemea upande mmoja kujisafisha. Bora kiti cha choo kilichoundwa kwa mabomba ya chuma, chenye raba miguuni. Maduka ya vifaa vya hospitali huviuza, na fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza ukimpa vipimo. Weka na mshiko ukutani.

Kunja mikeka na mazulia, ondoa nyaya za chaja njiani. Hii siyo kupenda usafi. Hatua ya kawaida huitwisha nyonga karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili: mwenye kilo 70, kilo 175 hivi. Kujikwaa na kujizuia kumewahi kupimwa kukapita mara 7, yaani kilo 490. Mkeka mmoja unaweza kuharibu kazi ya saa mbili za upasuaji.

Hatua ya 2: Siku za mwanzo

Utasimamishwa siku ileile au kesho yake. Ukiwa kitandani, pampu vifundo vya miguu mara 20 kila saa uliyo macho. Kaza misuli ya mbele ya paja ukikandamiza goti kwenye godoro, hesabu 5, mara 10. Kaza matako vivyo hivyo. Burura kisigino kuelekea takoni polepole, bila kupita kona ya mraba.

Usinyanyue mguu ulionyooka ukiwa umelala chali. Wanamichezo hulipenda zoezi hili kwa sababu linaonekana dogo, lakini mguu mzima ni mzigo mrefu na nyonga ndiyo inayoubeba. Linaweza kukuachia maumivu ya kinena.

Paja litavimba, na damu iliyovilia itashuka hadi goti na kifundo ikiwa rangi ya zambarau. Inatisha, ila ni kawaida. Lala mguu ukiwa umeinuliwa, weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 hadi 20, mara nne au tano kwa siku.

Dawa ya kuzuia damu kuganda maliza dozi yote. Kama umeandikiwa rivaroksabani, kwa nyonga huwa miligramu 10 mara moja kwa siku, siku 35. Usiiongezee diklofenaki ya duka la dawa kwa uamuzi wako, maana mbili hizo pamoja huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, hufunga choo: maji, papai, na uiache mara parasetamo inapotosha.

Hatua ya 3: Magongo

Mshiko uwe usawa wa mkunjo wa kiganja mkono ukining'inia. Kwa magongo ya kwapani, acha nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ukae viganjani. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mkono ukafa ganzi. Mpangilio: magongo, mguu uliopasuliwa, mguu mzima. Kupanda ngazi anza na mguu mzima. Kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa ndivyo vinavyotangulia. Kagua raba za chini kila wiki.

Ukifika gongo moja, lishike mkono wa upande mzima. Wengi hulishika upande unaouma, na hapo halisaidii kitu. Gongo la upande wa pili ndilo linaloishikilia nyonga isilazimike kuvuta kwa misuli ya pembeni ya tako, misuli ambayo kwa sasa imelala.

Swali la lini uache gongo halijibiwi kwa kalenda. Vaa kaptula yenye mstari kiunoni, mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma ukitembea hatua 20. Angalia mstari pale unaposimamia mguu uliopasuliwa. Ukishuka upande wa mguu ulioko hewani, au mwili mzima ukiyumba kuelekea upande uliopasuliwa, bado. Anayetupa gongo akichechemea huufundisha ubongo kuchechemea, na kulifuta somo hilo baadaye huchukua miezi. Wengi hutumia mawili wiki 2 au 3, kisha moja hadi wiki ya 5 au 6.

Hatua ya 4: Wiki ya 2 hadi ya 6

Pini za kidonda hutolewa siku ya 10 hadi 14. Anza kwa matembezi ya dakika 5, mara tano au sita kwa siku, juu ya ardhi tambarare. Ongeza dakika 2 au 3 kila baada ya siku mbili. Kipimo ni asubuhi inayofuata: paja likiamka limevimba kuliko jana, rudi kiwango cha nyuma.

Daktari akikubali, baiskeli ya mazoezi huingia wiki ya 3 au ya 4. Kiti juu, uzito sifuri, dakika 5 kwanza. Kaa wima, ukiinamia usukani kama mwanabaiskeli wa mashindano umeshapita nyuzi 90. Bwawa lisubiri hadi kidonda kifunge kabisa bila gaga. Utembee kwenye maji ya kifuani, usipige miguu ya chura. Ufukweni achana napo: mchanga unazama upande mmoja na unasokota nyonga.

Kusimama na kupeleka mguu pembeni, mara 10, ukishika meza, mgongo ukiwa wima, ndilo zoezi la dhahabu la kipindi hiki. Ukiinamisha kiwiliwili ili mguu upande zaidi, kiuno ndicho kinachofanya kazi.

Dalili za kwenda hospitali leoleo: maumivu mapya ya kinena unapokanyaga (rudi kwenye magongo mawili hapohapo, upigwe eksirei), kigimbi kuuma na kuwa kigumu, kifua kubana au pumzi kukata, kidonda kuendelea kutoa majimaji baada ya wiki ya kwanza, homa ya nyuzi 38 na zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakuu, niko wiki ya 3, sichechemei, siumwi. Naweza kujogi taratibu uwanjani, raundi moja tu?

Jibu: Hapana, mkuu. Hata raundi moja. Madaktari wengi wa upasuaji huu hawaruhusu kukimbia kabla ya miezi 6, na wengine husema mwaka kwa michezo ya kuruka. Soma tena habari ya shingo ya paja.

Swali: Mbona Andy Murray, yule mcheza tenisi wa Uingereza, alirudi haraka?

Jibu: Alipasuliwa London Januari 2019, akacheza wawili-wawili mwezi Juni, na Oktoba akachukua ubingwa wa mmoja-mmoja Antwerp. Hesabu vizuri: hiyo ni miezi karibu mitano hadi mechi ya kwanza, tena ya nusu uwanja, akiwa na wataalamu wa kumwangalia kila siku.

Swali: Mguu uliopasuliwa nauona mrefu. Nimwambie fundi viatu aniongezee soli upande wa pili?

Jibu: Usiongeze sasa. Nyonga ilikuwa imejikunja miaka mingi na kiuno kikapinda kuifuata, kwa hiyo mguu ulionyooka unaonekana mrefu hata kama haujaongezeka. Kwa wengi hupotea ndani ya miezi 3. Ukiongeza soli, kiuno hakirudi mahali pake.

Swali: Kuna kitu kinagonga ndani nikigeuka. Hakiumi.

Jibu: Misuli bado imelegea, na chuma kinagusana na chuma. Bila maumivu, kwa wiki hizi ni kawaida. Kikianza kuuma au kikidumu miezi, onesha daktari.

Swali: Shehe, na kusujudu je?

Jibu: Sisi ni watu wa mazoezi, ushehe hatuuwezi. Kwa upande wa nyonga, kurukuu na kusujudu vyote vinafika au kupita nyuzi 90. Uswalie ukiwa umekaa kwenye kiti, uashirie kwa kichwa, usiinamishe kiwiliwili. Kurudi chini kunaanza pale daktari anapokuondolea makatazo.

Swali: Mume wangu kapasuliwa India. Anarudi Dar lini, na akifika anaweza kupanda bodaboda?

Jibu: Pole kwa kuuguza, dada. Tarehe ya ndege ipangwe na daktari wake, maana safari ndefu huongeza hatari ya damu kuganda. Akiruhusiwa, akate kiti cha njiani, ainuke kila saa, apampu vifundo, na asiruke hata dozi moja. Bodaboda hapana: kurusha mguu kupanda kunapinda nyonga na kuisokota kwa pamoja. Kwenye gari akae mbele, kiti kirudishwe nyuma kabisa na kiwekwe mto. Aingie kwa kutanguliza makalio, kisha miguu yote miwili kwa pamoja. Mfuko wa nailoni juu ya kiti humsaidia kuteleza, autoe kabla gari halijaondoka. Kuendesha mwenyewe, kama ni mguu wa kulia, asubiri wiki 6 na kibali.

Swali: Na hicho chuma kuingia kwenye damu?

Jibu: Huingia kidogo. Hupimwa kobalti na kromu, kwa kawaida baada ya mwaka, siyo sasa. Mamlaka ya dawa ya Uingereza iliweka mikrogramu 7 kwa lita kuwa kiwango cha kuanza kuchunguza zaidi. Tunza karatasi yenye jina la kifaa na kipenyo cha kofia, utaulizwa kila utakapokwenda.