Kuomba riziki ya leo: namna ya kupeleka haja za nyumbani kwa Mungu

Sala ya Bwana ina ombi moja tu la tumbo, nalo lina kipimo: "Utupe leo riziki yetu" (Mathayo 6:11). Leo, si mwaka mzima. Waisraeli jangwani walifundishwa hivyo hivyo kwa mana, chakula alichowashushia Mungu: pishi moja kwa kila kichwa, kama lita mbili hivi, na aliyebakiza hadi asubuhi alikuta mabuu na uvundo (Kutoka 16). Siku ya sita tu ndipo waliokota pishi mbili, kwa ajili ya sabato. Wengi huchoka kuomba kwa sababu wamebeba ya miezi sita kwa mpigo.

Chukua daftari la kawaida, ukurasa uugawe safu nne: tarehe, haja, kiasi, kilichotokea. Kabla hujapiga magoti andika haja za leo, zisizidi tatu, kila moja kwa jina lake. "Mungu nibariki kifedha" haipimiki. Hutajua ni lini umejibiwa. "Unga kilo mbili, nauli ya mtoto ya kwenda na kurudi, dawa ya mama inayoisha Alhamisi" ni haja. Kodi ya mwezi ujao nayo iandikwe kwa sehemu yake ya leo: niweke kando shilingi ngapi, au nizungumze na nani.

Dakika 15 za alfajiri, kabla ya kugusa simu, zinatosha. Anza kwa kushukuru kwa vilivyomo jikoni tayari. Wafilipi 4:6 inataka haja zipelekwe "pamoja na kushukuru", na ukishahesabu kilichopo, mara nyingi orodha ya haja inapungua yenyewe. Nabii Elisha alimuuliza mjane mwenye deni, "Una kitu gani nyumbani?" (2 Wafalme 4). Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Muujiza ukaanzia hapo, kisha akaambiwa auze, alipe deni, aishi na wanawe kwa kilichobaki. Basi taja haja moja moja, halafu nyamaza dakika tatu. Katika ukimya huo hukumbukwa mtu unayemdai, au kibarua ulichokuwa unakiahirisha. Kiandike, ukifanye siku hiyo hiyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kurudia wasiwasi ukidhani unaomba. Dalili yake: unainuka na hofu nyingi kuliko uliyokuja nayo. Taja jambo mara moja, funga daftari, imba pambio moja, nenda kazini.

Lingine ni kugeuza sadaka kuwa mtaji: nitoe elfu kumi nirudishiwe laki. Hilo ni biashara, na Yakobo 4:3 inasema wazi kwamba wapo wasiopata kwa sababu wanaomba vibaya. Mkopo wa simu nao usiuite jibu upesi; umeihamisha haja ya leo kwenda mwezi ujao, na riba juu. Mgonjwa aombewe na dawa ameze.

Pia kuna aibu. Mtu anafunga siku tatu, lakini mzee wa kanisa hajui kwamba ndani hamna chakula. Yakobo 2:15-16 inalikemea kanisa linalomwambia mwenye njaa "mkashibe" bila kumpa kitu. Kanisa litatoaje lisichokijua? Iambie jumuiya yako.

Jumapili jioni pitia safu ya nne. Andika ilivyopatikana, au ilivyokuja kwa njia nyingine, au bado. Haja iliyokaa wiki nne igawe vipande vidogo, au jiulize kama kweli ni haja.

Kati ya zile haja tatu, moja iwe ya jirani, maana sala inasema "utupe", haikusema "unipe". Ukishaandika jina lake, angalia kwanza debe lako la unga, ndipo upige magoti.