Umeoana na Mmarekani? Usikimbilie kusaini ritani ya pamoja

Mwenzako raia wa Marekani hujaza ritani ya kodi ya kwao hata kama mnaishi Njiro na kipato chake chote ni cha Arusha. Akisema mjaze pamoja, tafadhali, pigeni hesabu kwanza. Ukikubali, unahesabiwa kama mkazi wa Marekani kikodi: mshahara wako, pango la vyumba vyako Sakina, vyote vinaandikwa. Uamuzi huo unaendelea miaka inayofuata, na mkiufuta hamruhusiwi kuurudia.

Utahitaji pia ITIN, yaani namba ya mlipakodi ya Marekani, unayoiomba kwa fomu W-7. Hapa wengi hukwama: nakala ya pasipoti yenye muhuri wa wakili haikubaliki, inatakiwa iliyothibitishwa na waliotoa pasipoti. Anzeni mapema, anayeishi nje ya Marekani ana hadi Juni 15 kuwasilisha ritani.