Kabla Hujapanda Jukwaani: Ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kucheza Burleski Kampala

Kwanza tuelewane: burleski, dansi ya jukwaani ya kuvua kidogo kidogo kwa mzaha, si kimansulo. Kwenye kimansulo, ile ya klabu za usiku ambazo polisi wamewahi kuzivamia, mteja analipa ili mwingine avue. Simdharau anayeifanya, nasema tu ni kazi mbili tofauti. Kwenye burleski mchezo ni wa mnenguaji mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua kitaonekana nini, saa ngapi, na mwisho ni wapi, na mara nyingi anakuchekesha huku anakunyima. Lydia Thompson alipotoka Uingereza na kundi lake kwenda New York mwaka 1868, walikuwa wakizifanyia dhihaka hadithi za kale za Kigiriki, wanawake wakiigiza wanaume, na kilichowashtua watu ni soksi za kubana miguu. Kuvua kulikuja baadaye. Kama huna hamu ya kuchezea watu akili, tafuta dansi nyingine, zipo tele.

Aliye chini ya miaka 18 haingii darasani. Hata kama mama yake ameruhusu.

Pasha mwili moto, hasa nyonga, kiuno na magoti. Viatu vya mchuchumio vivae wiki kadhaa nyumbani kabla ya kuvipandisha jukwaani. Kagua sakafu mwenyewe kwa mkono, kwa sababu vigae vilivyomwagikiwa bia havina huruma na mtu.

Aliyekulia kwenye nankasa ya Kiganda au chakacha ya Mombasa anakuja darasani kiuno anacho tayari. Anachokosa ni subira. Ngoma zetu zinakwenda mbio, burleski inataka usimame, utazame watu, uwacheleweshe. Mwambie mwanafunzi avue glovu moja ndefu kwa wimbo mzima. Alegeze kidole kidogo kwanza, kisha kinachofuata, asimame, akumbuke jambo, arudi. Akimaliza kabla ya kiitikio cha kwanza, aanze upya. Na jua la huku linafanya glovu ya satini ing'ang'anie mkono wenye jasho, kwa hiyo poda ya mtoto ipakwe mpaka kwenye kiwiko kabla ya kuvaa. Sally Rand, kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1933, alicheza na mapepeo mawili makubwa ya manyoya ya mbuni. Moja likiondoka, jingine limeshafika, na mtazamaji hajui kwa hakika ameona nini. Hayo ni mazoezi, uzuri wa mwili hauingii hapo.

Wewe unayefundisha: usimguse mwanafunzi kumrekebisha kabla hujamwuliza, na uulize kila mara, hata yule uliyemzoea. Usimlazimishe mtu kuvua chochote darasani. Wapo wanaojifunza msimu mzima wakiwa na fulana na leso kiunoni, na jukwaani wanawaka.

Mavazi, nenda soko la Owino asubuhi na mapema. Glovu za maharusi, magauni ya zamani yenye shanga, vyote vimo kwenye mitumba, fundi atakubadilishia zipu aweke vifungo vya kubana vinavyoachia kwa mvuto mmoja. Gundi ya vibandiko vya chuchu ijaribu kwanza kwenye mkono, siku moja kabla. Halafu fanya mazoezi ya mwisho ukiwa na vazi zima, taa zimewashwa, umetoka jasho. Zipu isiyokwama nyumbani inaweza kukwama pale.

Sheria nayo ijue. Ile ya kupinga ponografia ya mwaka 2014 ilitisha watu wengi mpaka Mahakama ya Katiba ilipobatilisha vifungu vyake vikuu Agosti 2021. Usidhani ndiyo ruhusa. Kosa la kuwa kero kwa umma bado limo kwenye kanuni ya adhabu. Kwa hiyo cheza ndani, watu wazima pekee, kwa tiketi, na mwenye ukumbi akuonyeshe leseni yake kwa macho, siyo kwa mdomo.

Sasa picha. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nimeona mtu akiumia.

Kuna dada mmoja, mchana alikuwa akifundisha shule ya msingi. Alitunga onyesho zuri sana: mama mwenye nyumba, mkali, amekuja kudai kodi. Anagonga mlango usioonekana, anakunja uso, anavua glovu kidole kwa kidole ili ahesabu vizuri noti za mpangaji, anagundua hazitoshi, anavua na ya pili. Ukumbi mzima ulicheka, kwa sababu kila aliyepanga chumba Kampala anamjua mama huyo. Ndani alivaa nguo ya rangi ya mwili kutoka shingoni mpaka kwenye mapaja. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni na kutiwa kwenye bahasha zenye namba. Tukaona tumemaliza.

Asubuhi video ipo kwenye ukurasa wa ukumbi wenyewe. Mpiga picha wao alikuwa amekaa usiku kucha nyuma ya meza ya dijei, na hakuna aliyemwuliza. Walikata sekunde chache tu, glovu na mgeuko wa kiuno. Mlango, kodi, noti, vyote walivitupa. Bila mzaha ule, alibaki mwanamke anayevua nguo. Ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa lake, na kabla ya jioni ilikuwa kwenye simu ya ssenga yake, yaani shangazi, kijijini.

Tulipomwendea meneja alitujibu bila haya: "Tulikataza wageni. Sisi si wageni." Aliifuta baada ya mabishano marefu, lakini nakala zilishatapakaa. Mwalimu mkuu akamwambia dada yule apumzike kwanza, na muhula uliofuata hakuitwa. Ssenga je? Kwa Baganda huyo ndiye anayemfunda binti wa kaka yake mambo ya chumbani, kiuno hakimshtui. Alichotaka kujua ni kimoja: nani alimpa ruhusa yule mwanamume mwenye kamera?

Basi makubaliano yaandikwe, yasainiwe kabla ya siku yenyewe, na yamtaje kila mtu: wageni, wahudumu, dijei, mpiga picha wa ukumbi, hata wanenguaji wenzako. Yaseme video ni ya nani, na kwamba haitoki kabla hujaiona na kukubali. Ingia ukumbini mchana taa zikiwa wazi, uulize kila kamera ya ulinzi inatazama wapi, hasa iliyo karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Meneja akisema "tuaminiane tu, dada", chukua begi lako. Tumia jina la jukwaani, na kama una chale au alama inayojulikana, ifunike kwa vipodozi. Halafu amua mapema, ukiwa umetulia kwako: hii picha ikitoka kwa bahati mbaya, nani ndani ya ukoo ataanza kupigiwa simu, na je, umeshaongea naye? Wengi hawataki kusikia swali hili. Nauliza tu.

Pesa, nusu iingie kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Wimbo ubebe kwenye flashi na kwenye simu ya mtu mwingine, na mwulize dijei jenereta lao linachukua muda gani kuwaka umeme ukikatika. Kula mapema. Glasi uliyoiacha mezani usiirudie, agiza nyingine. Mtu wa boda wa kukurudisha awe unayemjua, na usitoke nje na vazi la jukwaani hata kama ni hatua mbili. Mashabiki wanaokusubiri mlangoni wasalimie ukiwa na mwenzako. Pini beba nyingi, na plasta, na kanga ya ziada.